Tuukate wimbo wetu wa dakika saba?

SWALI: Assalamu alaikum, mwalimu. Mimi ni kijana wa Chake Chake, nina miaka 20, napiga gitaa. Mimi na wenzangu wawili tunapenda hevi metali. Kaka yangu anasema ule si muziki, ni kelele na mafuvu wanayouziwa watoto. Mpiga dramu wetu anasema bendi bora ni ile iliyouza zaidi, hesabu haidanganyi. Mpiga besi anasema kinyume chake, bendi ikishajulikana basi imeshajiuza. Sasa tumetunga wimbo wa dakika saba. Mwenye studio anatuambia tuukate uwe wa dakika tatu, tujipake rangi nyusoni na tutafute kiki mitandaoni, la sivyo hatutasikilizwa na mtu. Nani mkweli? Na tuukate?

JIBU: Waalaikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na udi, ile ala ya nyuzi, mapajani, na sababu yake utaiona mbele. Nikwambie mapema ninaposimama: kaka yako amekosea, mpiga dramu wenu amekosea, na mpiga besi amekosea kuliko wote wawili, maana kosa lake ndilo lenye sura ya hekima. Mwenye studio ana nusu ya haki. Tutafika kwake.

Hilo neno "kelele" nalijua, nililitumia mwenyewe. Nimekulia kwenye nyumba ya taarab, santuri za baba zikipigwa kila jioni, na kanda ya kwanza ya hevi metali niliyoletewa niliizima kabla ya upande mmoja kwisha. Kilichonirudisha ni kisa cha kidole.

Kisa chenyewe ni cha Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda vya chuma. Tony Iommi, mpiga gitaa, alikuwa na miaka 17, akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati, na siku aliyokusudia iwe ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye ni wa shoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Mkubwa wake wa kiwandani akampelekea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono kwa moto na akaendelea kupiga kwa vidole viwili vilivyobaki vizima. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akabandika ngozi juu yake, akatafuta nyuzi nyembamba zisizomuumiza. Ilipofika albamu ya tatu ya bendi yake, Black Sabbath, mwaka 1971, alikuwa ameshalilegeza gitaa nusu sauti tatu chini ya kawaida. Ule uzito unaousikia mpaka leo kwa kila bendi ya namna hii, mwanzo wake ni kijana aliyekuwa akitafuta namna ya kupiga bila maumivu. Hakuna mfanyabiashara aliyekaa mezani akaubuni.

Lakini usikimbilie kusema basi pale palikuwa na sanaa tupu. Bendi ile ilikuwa na jina jingine kabla. Mkabala na mahali walipokuwa wakifanyia mazoezi palikuwa na sinema, na siku moja wakaona watu wamejipanga foleni kutazama filamu ya kutisha. Wakaambiana: ikiwa watu wanatoa fedha zao ili watishwe, kwa nini tusiwapigie muziki wa kutisha? Jina la filamu wakalifanya jina la bendi. Wazee wetu waliokuwa wakipanga foleni pale Majestic, Vuga, watalielewa wazo hilo bila maelezo. Ni wazo la biashara, na ni zuri. Kwa hiyo tangu siku ya mwanzo kidole kilichokatika na foleni ya sinema vimekaa nyumba moja. Anayetaka kuvitenganisha atuambie ukuta anaujenga wapi.

Tofauti iko katika walichokifanya baada ya kupata wazo. Wimbo unaobeba jina la bendi umesimama juu ya noti tatu tu: moja ya chini, ile ile ya juu yake kwa okteva, kisha noti iliyo katikati kabisa ya hizo mbili. Piga kwenye gitaa lako sasa hivi: G, G ya juu, kisha C kali. Utasikia sikio linakosa pa kuegemea. Wangeweza kuvaa majoho meusi wakapiga muziki wa harusi, na foleni ingekuja hivyo hivyo kwa wiki mbili tatu. Wao wakaitafuta hofu ndani ya noti zenyewe.

Albamu ile ya kwanza waliirekodi kwa takriban siku moja, Oktoba 1969, na ilitoka tarehe 13 Februari 1970. Waandishi wengi wa muziki waliiponda. Wanunuzi wakaipeleka hadi nafasi ya 8 Uingereza. Hapa mpiga dramu wenu atapiga makofi, na ana haki, kwani siku ile mwenye pesa mbili mfukoni alisikia vizuri kuliko mwenye kalamu.

Basi na ahamie Los Angeles miaka ya 1980. Mwaka 1983 bendi ya Quiet Riot ilikuwa ya kwanza ya hevi metali kufika nafasi ya 1 katika chati ya albamu ya Marekani. Kampuni za rekodi zikaona mlango umefunguka. Zikasajili bendi moja yenye nywele zilizotimuliwa kwa dawa, kisha nyingine yenye nywele hizo hizo, kisha nyingine. Kila albamu ikawa na nyimbo za fujo na wimbo mmoja wa mapenzi wa polepole kwa ajili ya redio. Wapo mafundi wa kweli wa gitaa katika kundi lile, na baadhi ya vipande vyao nawafundishia wanafunzi wangu mpaka leo. Ila wengi walisajiliwa kwa kuwa wanafanana na aliyeuza jana, na ilipofika 1991, bendi za Seattle zilipotoka na mashati ya kawaida na machungu ya kweli, jengo lote likaanguka kwa muda mfupi sana. Sisi pia tumeliona hili. Kinanda cha umeme kilipoanza kuleta watu kwenye taarab ya kisasa, vikundi vikakimbilia sauti ile ile na mdundo ule ule, na kwenye harusi ukawa hujui kikundi gani kinapiga mpaka usome bango.

Wazee husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nauheshimu msemo huu, lakini kwenye muziki hautoshi. Kibaya kinaweza kutembezwa mpaka kikaonekana chema, na chema kinaweza kukaa sandukuni kwa kukosa wa kukitembeza. Hata majaji waliolipwa kusikiliza hukosea. Mwaka 1989 tuzo za Grammy, zile za muziki za Marekani, zilitoa kwa mara ya kwanza zawadi ya roki nzito na metali. Metallica walikuwepo, wakapiga jukwaani. Zawadi wakapewa Jethro Tull, bendi inayoongozwa na mpiga filimbi. Ukumbini watu wakazomea. Jethro Tull ni wanamuziki wazuri, nakwambia kwa moyo mmoja, lakini aliyewapa zawadi ile hakuwa amesikiliza alichokuwa akikipima. Mwaka uliofuata zawadi ikagawanywa mbili, roki nzito peke yake na metali peke yake.

Sasa nimgeukie mpiga besi, kwa sababu hiyo Metallica ndiyo bendi anayoitaja kila siku, nina hakika. Mwaka 1988 walitoa albamu ya nyimbo ndefu zilizojaa mikato, mmoja unakaribia dakika kumi. Mwaka 1991 wakatoa ile yenye jalada jeusi, nyimbo fupi zaidi, rifu (yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudi na kurudi) chache, wakiwa na produsa Bob Rock, na walikaa studio tangu Oktoba 1990 hadi Juni 1991. Marekani peke yake imeuza zaidi ya nakala milioni 16. Mashabiki wa zamani wakalia kwamba jamaa wamejiuza.

Mimi sikubali. Rifu ikiwa na noti kumi na mbili unaweza kuificha kasoro ndani yake. Ikiwa na noti nne, kila moja iko uchi. Wale watu walichukua miezi kuzifanya noti nne zisimame. Zimo nyimbo mbili tatu kwenye albamu ile ambazo mimi naziruka, sifichi, lakini naziruka kwa sababu ni dhaifu, na zingekuwa dhaifu hata kama zingeuza nakala mia. Mwambie mwenzio vilevile kwamba kuna bendi nyingi zisizojulikana ambazo kutojulikana kwao ni haki yao. Giza peke yake halimfanyi mtu kuwa fundi.

Na kabla hajanijibu, amkumbuke Siti binti Saad. Msichana wa Fumba, wa familia ya wafinyanzi, mwaka 1928 alipanda meli kwenda Bombay kurekodi kwa His Master's Voice. Kampuni ile haikumpeleka kwa kuipenda sanaa ya Unguja. Ilitaka kuuza santuri na mashine za kuzipigia. Santuri zikauzwa kwelikweli, na ndani yake mlikuwa na wimbo wa Kijiti, unaolilia mwanamke aliyeuawa na hukumu iliyowaangukia wasiostahili. Biashara ilibeba kilio cha haki kutoka barazani hadi pwani nzima. Kama kujulikana ni kujiuza, basi huyu mama tumweke wapi?

Ila kuna mahali mpiga besi ana hoja, nami ningependa aishike hiyo badala ya ile aliyonayo. Soko likibaki nje ya wimbo, kwenye bango na kwenye tiketi, halina neno. Tatizo ni pale linapoingia ndani. Mwaka 2008 hao hao Metallica walitoa albamu ambayo sauti yake ilibanwa na kupandishwa mpaka ukingoni, ili ikipigwa isikike kali kuliko ya jirani. Umeshaona harusi mbili mtaa mmoja, kila upande ukiongeza spika mpaka hakuna anayesikia maneno? Ndivyo. Dramu ikapigwa haina pa kurukia kwa sababu kila kitu kimeshajaa. Nyimbo zile zile zilitolewa pia ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero, na mashabiki wakagundua kwamba mle kwenye mchezo zinasikika safi zaidi, maana hazikubanwa vile. Maelfu wakatia saini kuomba albamu ichanganywe upya. Haya ndiyo masikio ninayotaka mwanafunzi wangu awe nayo: hakuuliza wangapi wamenunua, aliuliza dramu imekwenda wapi.

Nije kwenye udi. Nina mtihani mmoja ninaowapa wanafunzi, na nimeufanya tena nilipokuwa nasoma barua yako. Chukua rifu unayoipenda, iondolee umeme, iondolee moshi na taa, ipige kwenye udi au gitaa kavu, taratibu, ukiwa umekaa. Ikibaki na kitu, ina kitu. Mimi nilipiga Powerslave ya Iron Maiden, ya 1984. Bendi hii redio hazikuwa zikiipiga sana, ilijijenga kwa kuzunguka na kupiga. Ziara ya albamu ile walijaza jukwaa sanamu za Misri, na hiyo ni biashara ya macho. Lakini rifu ya wimbo wenyewe imekaa kwenye makamu ya hijazi, yaani mpangilio wa noti wa Kiarabu, ile ile iliyokuja kwetu pamoja na ala ya nyuzi iitwayo kanuni, tangu Sultani Barghash alipompeleka mtu Kairo kujifunza. Niliipiga barazani kwangu pole pole, na mzee mmoja aliyekuwa akipita akasimama, akaniuliza hiyo ni bashrafu, yaani muziki wa ala bila maneno, ya nani. Sanamu za Misri hakuziona. Hijazi aliisikia.

Lakini mtihani huu una mpaka wake, na mwalimu asiyekwambia mpaka wa kipimo chake anakudanganya. Kuna muziki ambao roho yake iko kwenye sauti yenyewe, si kwenye noti. Bi Kidude, Mungu amrehemu, ukiandika noti zake kwenye karatasi utapata nyimbo ambazo wengine pia wameziimba. Kilichokuwa chake ni lile koo, ule mkwaruzo. Metali ina watu wa namna hiyo. Kuna bendi za Norwei za mwanzo wa miaka ya 1990 zilizorekodi kwa vifaa duni makusudi, gitaa likawa kama upepo wa baridi unaopita tunduni, na ukiziweka kwenye udi hupati kitu. Wawili wa Nairobi wanaojiita Duma, waliotoa albamu mwaka 2020 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wamechanganya mayowe na midundo ya kompyuta. Udi wangu hauwezi kuwahukumu. Kwa muziki kama huo nauliza swali jingine: sauti hii wameichagua, au wameikuta dukani? Anayechagua utamjua, kwa sababu wimbo unabadilika pale sauti inapobadilika.

Kuhusu kujipaka rangi nyusoni, sina kinyongo nako. Nguo ni sehemu ya jukwaa tangu enzi za vikundi vya beni na kofia zao. Ninachokionea huruma ni kilichowapata wenzetu wa Botswana. Mashabiki wa metali kule huvaa ngozi nyeusi kuanzia kofia hadi viatu, wapendeza kweli, na picha zao zilizunguka dunia nzima. Lakini kwa kila watu mia waliozitazama picha, sijui kama watano waliisikiliza Skinflint, bendi inayotunga albamu zake juu ya hadithi za kale za Kiafrika. Picha ilifika, muziki ukabaki uwanja wa ndege. Mkijipaka rangi kabla wimbo haujawa tayari, mtajulikana kwa rangi, na rangi ndiyo mtakayodaiwa kila mwaka.

Na kaka yako usibishane naye kwa jeuri. Anachoogopa ni malezi, na hofu hiyo ina heshima yake. Mkalishe, mwonyeshe kwamba Black Sabbath hao wenye jina la kutisha walilaani vita na wakubwa wanaowatuma maskini wakafe, wakati vita vya Vietnam vinaendelea. Akikuta bendi yenye maneno machafu, aseme ni machafu, nami nitamuunga mkono. Ila ahukumu maneno, asihukumu jalada.

Sasa studio. Kuna mtoto aliyezaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Watalii wanapiga picha mlangoni pale Shangani kwa ajili yake, wakimwita Freddie Mercury. Queen haikuwa bendi ya metali, lakini mwaka 1974 ilitoa wimbo mmoja, Stone Cold Crazy, wa kasi kiasi kwamba Metallica waliurudia na ukawapa Grammy ya metali mwaka 1991. Na Freddie alipokwisha kufariki, tarehe 20 Aprili 1992 pale Wembley, waliofungua hafla ya kumkumbuka walikuwa Metallica, na Iommi, yule wa vidole, akapanda jukwaani kupiga na wenzake wa marehemu. Mwaka 1975 Queen walipeleka kwa kampuni yao wimbo wa dakika 5 na sekunde 55, Bohemian Rhapsody. Wakaambiwa ni mrefu mno kwa redio, ukatwe. Wakakataa. Mtangazaji mmoja wa London, Kenny Everett, akapata nakala na kuupiga tena na tena wikiendi nzima, mpaka watu wakaanza kuuliza madukani. Ulikaa nafasi ya 1 Uingereza kwa wiki tisa.

Hapo ndipo ilipo ile nusu ya haki ya mwenye studio. Bila wa kuupigia debe, wimbo ule ungebaki kabatini. Tafuteni wenu, mwombeni, mpelekeeni, hakuna aibu. Nusu aliyoikosa ni kwamba debe lilipigwa kwa wimbo mzima.

Hata hivyo sikwambii msikate. Queen hawakukata kwa sababu kila kipande kilikuwa kikikisukuma kingine. Metallica walikata, na mara nyingi walipata. Fanyeni hivi: rekodini kwa simu, wimbo wote. Kisha pigeni tena mkiacha kipande kimoja, halafu kingine, kila siku kimoja. Pale wimbo unapochechemea, rudisheni. Pale usipochechemea, kipande hicho kilikuwa chenu, hakikuwa cha wimbo, na mkiache kwa moyo mweupe hata kama ndicho kilichowatoa jasho. Zikibaki dakika tatu, sawa. Zikibaki saba, mwambieni mwenye studio kwamba ni saba, na msipunguze hata moja kwa ajili ya mtu ambaye hajausikia mpaka mwisho.

Nitumie rekodi ya kwanza, ile isiyokatwa, na majina ya noti za rifu yenu kwenye karatasi. Nitaanza na udi.